Tulivyopandisha Mwarobaini Mlimani

Tangu nirudi, hakuna anayenisalimu mtaani kwetu Migosi, hapa Kisumu, bila kuniuliza kama ni kweli tulibeba miche ya mwarobaini hadi kwenye msitu wa baridi, na kama ni kweli mwenyekiti wetu alipokea rambirambi njiani. Yote mawili ni kweli. Nimechoka kuyasimulia nikiwa nimesimama dukani na mkate mkononi, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi akasome kwake.

Migosi: miche kwanza, watu baadaye

Kikundi chetu cha matembezi kilianza baada ya daktari kuwaambia watu watatu wa mtaa wetu, mimi nikiwa mmoja wao, kwamba presha haishuki kwa kukaa mbele ya televisheni. Tukawa tunatembea hadi soko la Kibuye na kurudi. Baada ya miezi michache Bwana Okelo, mwenyekiti, akaongeza neno "mazingira" kwenye jina la kikundi, kwa sababu alikuwa na kitalu cha miche kule Nyalenda kilichofurika na hakikuwa na wateja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa wanamazingira. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa kila mmoja aliahidiwa fulana.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye msitu wa serikali kule milimani, juu ya Kericho, ambako mto Sondu huanza kama vijito. Tungetembea njia za msituni, tungeona maporomoko, tungepanda miti, tungepigwa picha. Jina la msitu sitalitaja, maana kila aliyetupokea huko alikuwa mwema, na sipendi asumbuliwe kwa ajili ya ulimi wangu.

Wenzangu walitaka hewa safi. Mimi nilikuwa na shida yangu.

Mama yangu anaishi Nyakach ya chini, karibu na mahali Sondu inapoingia ziwani. Kila masika mto unateremka na udongo na kula ukingo wa shamba letu. Sasa kati ya maji na kaburi la baba zimebaki hatua ishirini na sita, na najua hesabu hiyo kwa sababu mama huzipima kwa miguu yake kila asubuhi kabla hajawasha moto. Nimemjengea nyumba juu ya barabara, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Misimu miwili imepita na nyumba hiyo imefungwa, kuku wa jirani ndio wanaotaga mlangoni. Mjane wa kwetu hatoki kwenye boma la mumewe hivi hivi, na mama hakuona ni kwa vipi angemwacha baba peke yake na mto. Mimi niliogopa jambo moja tu: kwamba usiku mmoja mto ungewachukua wote wawili, na mimi niko Migosi nimelala.

Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kumuaga. Alinisikiliza, akaniambia, "Ukifika huko juu, uliza ni nani ananimwagia hii maji yote. Na usiulize kama mwalimu. Uliza kama mtoto wangu."

Lazima niseme kwamba nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Nilichora mzunguko wa maji ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu: ziwa chini, mawingu juu, mlima upande wa kulia, na mishale ya chaki. Kwenye huo mlima wenyewe sikuwa nimekanyaga hata siku moja.

Basi la kanisa tulilokodi lilipaswa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa nne, kwa sababu Okelo alikataa miche isiwekwe kwenye buti isije ikakosa hewa. Ilikuwa miarobaini mitupu, iliyokaa kitaluni muda mrefu hadi ikarefuka, na ilipangwa kwenye viti na kumwagiliwa maji papo hapo. Watu tulijibana palipobaki. Vilele vyake vilikuwa vikigonga dari, basi Okelo akaamuru madirisha yafunguliwe na matawi yatolewe nje.

Sondu: tunapewa pole

Tulianza kushangaa tulipofika Ahero. Magari yalikuwa yakitupisha. Malori, ambayo kwa kawaida hayampishi mtu yeyote, yalisogea pembeni na kupunguza mwendo. Wanaume waliokuwa wakipima mchele kando ya barabara walivua kofia. Okelo, aliyekaa mbele, aliwapungia mkono akatuambia kwamba wananchi wa siku hizi wameanza kuheshimu mazingira.

Bwana Harjit, jirani yangu wa kiti, ndiye aliyenigusa kiwiko. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini kabla ya kuwaachia wanawe. Ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu kama baba yake, na Kijaluo chake ni safi kuliko cha watoto wangu.

"Mwalimu," aliniambia polepole, "angalia hii basi kwa macho ya mtu ako nje."

Nikaangalia. Kwetu gari lenye majani mabichi madirishani lina maana moja tu: linampeleka mtu kwao kwa mara ya mwisho. Na si majani peke yake. Sote tulikuwa tumevaa fulana nyeupe za aina moja, na kifuani kwa kila fulana palikuwa na picha ya Okelo akitabasamu, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia uchapishaji.

Tulisimama kwenye mji mdogo wa Sondu, penye daraja la mto huo, kununua ndizi. Ilikuwa siku ya soko. Kabla dereva hajazima injini, mama mmoja muuza vyungu alikuwa ameshika kichwa na kuanza kulia, na wengine wawili wakaitikia. Sote tuliozaliwa ziwani tunajua kwamba kilio kikianza huulizi kwanza, unalia, jina utalipata baadaye. Watu wakatuzunguka. Ndipo Okelo akashuka.

Yule mama alitazama kifua changu, akatazama uso wa Okelo, akatazama tena kifua changu. Kisha akamshika Okelo mikono yote miwili. "Pole sana, baba," alimwambia. "Kumbe mlikuwa mnafanana hivi."

Mtu mwingine angesema ukweli pale pale. Okelo aliinamisha kichwa na kusema asante. Baadaye alijitetea kwamba hangeweza kuwavunja moyo watu waliokwisha kulia, na sehemu ya utetezi huo naielewa. Lakini akatokea mhubiri aliyekuwa sokoni kununua viatu, akapanda juu ya kreti la soda na kumwombea marehemu kwa kirefu, akimtaja kuwa mtu mnyenyekevu asiyependa makuu. Okelo alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliposikia kwamba ameacha pengo lisilozibika, nilimwona akitikisa kichwa kukubali. Tulipoteza saa mbili hapo, na tulipewa ndizi bure.

Wakati wa maombi nilijiondoa kidogo kidogo nikaenda darajani. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, yakienda haraka. Nilitaka kukasirika na mtu, lakini pale darajani hapakuwa na wa kumkasirikia, ila wanakikundi wenzangu wawili wa mazingira waliokuwa wakitupa maganda ya ndizi mtoni.

Kericho: swali la Harjit

Tulifika Kericho jioni, baridi ikatupokea mlangoni. Watu wa Kisumu hatuna nguo za baridi, tuna hadithi za baridi tu. Pale tulipolala, nyumba ya wageni ya kanisa, watu walivaa taulo mabegani, na mmoja wetu alikaa mezani na soksi mikononi. Wenzetu wakaulizia samaki. Mpishi, mama mpole sana, alituletea ugali na kabichi, na alipoona nyuso zetu akaongeza kabichi.

Nakumbuka nikinywa chai nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa, karibu na dirisha, na Harjit akija kukaa kando yangu na kikopo chake cha achari ya maembe, ambayo aliipaka hata kwenye kabichi.

"Mwalimu, wewe ndiye mtu wa jiografia," alisema. "Mwarobaini itaishi kwa hii baridi?"

Nilijua jibu. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angelijua. Mwarobaini ni mti wa joto, wa Nyalenda na wa pwani, na huko tulikokuwa tukienda, baadhi ya asubuhi nyasi huamka na barafu. Nililijua jibu tangu Okelo alipotaja safari kwa mara ya kwanza, nikanyamaza kwa sababu nilihitaji kiti ndani ya basi.

"Miti huzoea," nilimwambia.

Harjit akafunika kikopo chake.

Langoni: orodha ya vibali

Kesho yake, saa tatu, tulikuwa kwenye lango la msitu. Hapo kuna ubao mkubwa wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, wenye orodha mbili. Ya kwanza ni ya yasiyoruhusiwa: kuchuma maua, kuwasha moto, kupiga kelele, kulisha nyani. Ya pili ni ya yanayoruhusiwa kwa kibali: kuokota kuni, kuvuna asali, kulisha mifugo, kukata majani, kutembea kwa burudani. Sisi tulikuwa watu wa burudani. Nilijisikia vibaya kidogo kuorodheshwa chini ya kuni.

Afisa wa msitu, kijana nadhifu mwenye buti zinazong'aa, alitukaribisha kwa moyo. Kisha tukateremsha miche. Alitazama mche wa kwanza, akautazama wa pili, akainama akashika jani na kulinusa. Nikaona usoni mwake kwamba amekwisha kuelewa, na kwamba anawaza afanye nini na wageni wazima waliovaa picha ya mtu.

"Hii ni miti ya dawa," alisema mwishowe.

Okelo alithibitisha kwamba ni ya magonjwa arobaini. Afisa akasema kwamba miti ya thamani hivyo haifai kupandwa mbali, ni heri ikae nyuma ya ofisi mahali pa kuangaliwa. Sijawahi kuona adabu iliyotukuka kiasi hicho. Mashimo yalikuwa tayari yamechimbwa. Nilipochimbua langu kidogo ili mche uingie vizuri, nilikuta kibandiko cha plastiki chenye jina la kikundi kingine kilichotutangulia, na chini yake mzizi mkavu. Nikakifukia tena. Tukapanda, tukapiga makofi, tukapigwa picha, na Okelo akahutubia kuhusu vizazi vijavyo.

Baadaye tulianza kutembea. Siwezi kuisema vibaya ile njia. Kulikuwa na miti ya podo yenye unene wa nyumba, mianzi inayosuguana kwa sauti ya kunong'ona, na mbega weusi wenye mikia myeupe waliokaa juu wakitutazama sisi tuliokuwa tukihema. Mwinuko ule unakata pumzi. Akina mama wa kikundi hawakuwa wakitazama mbega, walikuwa wakitazama kuni. Msitu mzima ulikuwa umejaa magogo makavu yanayooza, na wao kule mjini wananunua makaa kwa mkebe. Mmoja alimuuliza afisa kwa unyonge kama angeweza kuweka kijigogo kimoja tu kwenye mkoba. Alijibiwa kwamba kibali cha burudani hakihusu magogo.

Tulipofika penye maporomoko wenzangu wakakaa kula chapati na omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Mimi nikafuata kijito kuelekea juu, peke yangu, kwa sababu maji yalikuwa mekundu na nilitaka kuona wekundu unatoka wapi.

Juu ya kijito: Mama Taprandich

Sikwenda mbali. Msitu ulikatika ghafla na mbele yangu ukawepo mteremko mtupu, udongo wazi, wenye mifereji iliyochimbwa na mvua. Juu yake palikuwa na mbuzi. Walikuwa wakila miche, miche halali ya mlimani iliyopandwa kwa mistari na mtu anayejua kazi yake, na waliila kwa kufuata mstari. Kwenye jiwe alikaa bibi kizee mwenye koti la kiume na kibuyu miguuni.

Nilikuwa nimeibeba hasira yangu kutoka Nyakach, nikafurahi kupata pa kuitua. Sikusalimia. Nilimwambia mbuzi wake wanakula miti.

"Wanakula," alikubali. "Kaa chini, kijana. Umechoka."

Nina miaka sitini na minne. Nilikaa. Alinimiminia kutoka kwenye kibuyu maziwa mazito ya kijivu, na kwa kuwa nilikuwa nimeonywa na wenzangu, nilijua ni mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Yalikuwa na uchachu wa moshi. Nikayamaliza, akanijazia tena. Akasema anaitwa Mama Taprandich na akauliza natoka wapi.

Basi nikauliza kama nilivyotumwa. Nilimweleza habari za mama yangu, za ukingo, za kaburi la baba, na zile hatua ishirini na sita. Nilimwonyesha udongo ukiteremka kwenye kijito, nikamwambia huo ndio unaokwenda kujaza mto na kuupindisha uingie kwetu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyanyuka kwa fimbo yake akaniongoza hatua chache hadi kwenye mti wa podo uliobaki peke yake. Chini yake palikuwa na mawe yaliyopangwa kwa umbo la mtu aliyelala, na nyasi zimeliwa zikawa fupi na safi.

"Huyu ni mzee yangu," alisema. "Hapa ilikuwa boma. Zamani tukaambiwa ni msitu, tukatoka tukaenda nje ya mpaka. Yeye alikuwa ameshalala, hakutoka."

Nilimuuliza kama anaruhusiwa kuja kumtembelea. Alicheka bila sauti.

"Umeona ile ubao ya langoni? Nilisomewa yote. Iko kibali ya kuni, iko ya asali, iko ya kulisha. Kibali ya bibi kuona bwana yake, hakuna. Nilienda ofisi, wakatafuta kwa kitabu, hakuna. Sasa nikanunua mbuzi."

Alikuwa na kibali cha kulisha mbuzi, na kila siku aliwapandisha mbuzi hao mlimani, wakala miti na ukingo wa mama yangu, ili yeye apate kukaa saa mbili karibu na mumewe. Nilikuwa nimepanda huko juu kumtafuta mwenye makosa, nikampata, na nilitaka kumwomba radhi. Nililia. Siwaambii hili ili mnionee huruma, nawaambia kwa sababu mlitaka kujua kilichotokea.

Hatimaye tulielewana kitu kidogo. Angewapitisha mbuzi upande wa pili wa podo, kwenye nyasi, mbali na mifereji, na angeweka miiba kuzunguka miche iliyobaki. "Lakini nikija kwa mzee, hao watakuja na mimi," aliongeza, na nikasema bila shaka. Nilimpa omena waliobaki kwenye mfuko wangu. Aliwatazama, akauliza kwa heshima kama ni wadudu, na akawaweka kwenye koti bila kuonja.

Katito, na kwa mama

Safari ya kurudi ilikuwa ya polepole. Bila majani madirishani hatukupishwa na mtu, na tulipopita tena Sondu, Okelo alilala sakafuni mwa basi ili yule muuza vyungu asimwone amefufuka. Kuhusu miche, afisa alinitumia ujumbe baadaye kwamba inaendelea vizuri, pamoja na picha. Nilimwonyesha Harjit. Alikuza picha kwa vidole akaniambia huo ni mparachichi. Okelo ameichapisha, ameitundika sebuleni.

Mimi nilishuka Katito nikachukua pikipiki hadi kwa mama. Nilimkuta akianua mtama. Hakuniuliza habari za msitu wala baridi, aliniwekea kigoda, akakaa juu ya mkeka, akangoja.

Nikamsimulia. Nilitarajia amlaani mwenye mbuzi. Badala yake aliuliza maswali ambayo mimi sikuwa nimemuuliza yule bibi: mumewe alikufa akiwa na umri gani, alimzalia wangapi, kutoka anapoishi sasa hadi kwenye mawe ni mbali kiasi gani, na mvua ikinyesha anafanya nini. Nilijibu nilichojua. Kwa mwendo wake, nilikadiria, ni saa nzima kupanda na saa nzima kuteremka.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Ng'ambo ya ua mto ulisikika. Aligeuka akalitazama kaburi, kisha akatazama juu, kule barabarani, yalikokuwa yakionekana mabati ya ile nyumba. Nilimwona midomo ikicheza na nikatambua kwamba anahesabu hatua.

"Ile nyumba yako iko na mahali ya kufunga mbuzi?" aliniuliza.

Nikasema patapatikana.

"Basi ninunulie wanne," alisema. "Na usilete wavivu. Watakuwa wanashuka na mimi mpaka hapa kila asubuhi."